Bawaba

Karakana yangu iko Kizota.
Mlango ukilia, najua pa kutia mafuta.
Lakini nyonga ya mama ilipoanza kulia
kila akiinuka kwenye kigoda,
mafuta ya kondoo niliyompaka
hayakufika mfupani.

Miaka mitatu alitembea kama meza
iliyokatwa mguu mmoja mfupi.
Akaacha kisima, akaacha kwaya,
mwisho akaacha muheme,
ngoma yake ya kubanwa mapajani;
ikaning'inia ukutani, buibui wakahamia.

Mjomba Chiwanga, enzi zile, aliambiwa: Dar.
Kisha akaambiwa: India.
Akarudi Mvumi na fimbo, akafa na fimbo.
Sisi tulikuta binti mwembamba, Dokta Mwaja,
kalamu sikioni kama mimi.
"Tunafanya hapahapa Dodoma," akasema. "Jumanne."

Akaiweka picha kwenye mwanga.
Kichwa cha paja kimeliwa upande,
ute umekwisha,
mfupa unasaga mfupa
kama jiwe la uwele lisilo na uwele.

Nikauliza vifaa, sikujizuia.
Msumeno, akasema. Tupa. Kekee. Nyundo.
Nikacheka peke yangu.
Kisha akanishikisha vyenyewe:
shina la kupigiliwa ndani ya paja,
kikombe cha titani, ndani yake plastiki ngumu,
na tufe la kauri,
laini kuliko vanishi yoyote niliyowahi kupaka.
"Plastiki ya zamani ililika mapema,
vumbi lake likala mfupa.
Hii imepigwa mionzi, inavumilia."

Miaka mingapi?
Hakuniuzia maneno.
"Kumi na tano. Ishirini. Kwa wengi zaidi.
Wachache inachomoka. Wachache wanatunga usaha,
tunafungua upya.
Na mguu unaweza kuzidi mwenzake nusu kidole."

Nikampenda kwa hiyo nusu kidole.
Fundi anayekuonyesha ubao utapinda wapi
ndiye wa kupewa ubao.

Mama ana miaka sabini na moja. Alipiga hesabu.
"Basi itaniacha hiyo. Nikifa muitoe,
msizike mali."

Ganzi ilikuwa ya mgongo; hakulala.
Nyundo aliisikia yote.
Nilipoingia wodini, hakunisalimu:
"Yule mtoto anagonga vizuri, pigo halipotei.
Wewe unagonga kama unafukuza kuku."

Kesho yake saa nne, Chilongani wa mazoezi
akamsimamisha.
Hatua sita.
Nne za kwanza alitukana kwa Kigogo,
mbili za mwisho akanyamaza,
akatazama chini kama aliyeangusha kitu.
Yale maumivu ya miaka mitatu hayakuwepo.
Yalikuwepo mengine, mapya, ya kidonda.
"Haya ni wageni," akasema. "Wataondoka."

Nikapewa karatasi ya masharti:
asichuchumae, asikalie kigoda,
asikunje nne.
Nani aliyeandika haya amewahi kuona choo chetu?
Nikafunga oda za watu wiki nzima.
Nikapandisha kitanda kwa matofali manne,
nikachonga kiti cha choo, mninga mtupu,
na vishikio pande zote.
Majirani wakaja kukitazama.
Wawili wakaagiza.

Novemba ikapita, mvua ikaja kidogo, ikatosha.
Uwele ulipovunwa, wanawake wakaanza kukusanyika
na mama akaniomba nimshushie ngoma.
Daktari alishasema: mguu uko imara, asilazimishe.
Nikamletea stendi niliyoichonga kwa siri,
ya kuibeba muheme asiibane.
Akaitazama kama mkwe aliyeletwa bila kuulizwa.

Kisha akaichukua ngoma,
akaipangusa buibui kwa khanga,
akaiweka mapajani, polepole,
kama mtu anayejaribu kufuli mpya.

Wenzangu uani walisikiliza ngoma.
Mimi nilisikiliza bawaba.

Kimya.

Stendi yangu siku hizi
inabeba ndoo ya maji.