Tumbili Aliondoka na Mwisho

Kitabu chenyewe kilikuwa cha ovyo, nakiri.
Jalada la waridi, mnazi uliochorwa na mtu asiyewahi kuuona,
wasichana wawili wenye kofia pana wako likizoni
na jua limewaangukia kama kiini cha yai.
Nilikinunua elfu tatu kituo cha basi Arua
ili nisiongee na mtu mpaka Fort Portal.

Dada zangu walishangaa.
Unakwenda kupumzika? Umezaa? Umelima?
Nikaenda hivyohivyo, hadi kwenye ziwa lililojaa
ndani ya shimo la volkano ya kale,
banda la vitanda sita, neti yenye tundu moja
lililozibwa kwa plasta ya kidonda.

Na mezani, yeye,
anakula gonja, anasoma kitabu changu
kichwa chini miguu juu kutoka upande wake.
“Huyu wa kofia nyekundu,” akasema,
“atamwacha mwenzake uwanja wa ndege.”
Sikuwa nimefika hapo.
Ningemchukia, ila alinikatia nusu ya gonja.

Kemigisa. Anapima watu macho Kampala,
na bado alijikwaa mara nne tukishuka majini.
Kiswahili changu ni cha nyumbani, cha kambini kwa baba;
chake cha kuokoteza,
anakifunga popote penye nafasi, kama kitenge cha kuazima,
na kinamkaa.
Akisoma kwa sauti anaigiza kila mtu:
rubani, mama mkwe, hata mbwa.

Siku ya tatu tumbili akashuka,
uso wa karani wa ushuru.
Mkate aliuruka. Chungwa aliliruka.
Akang’oa kurasa kumi na moja za mwisho,
akapanda nazo juu, akaonja moja,
akaitafakari,
akatema.
“Wanapenda gundi,” alisema Byaruhanga wa jikoni,
bila kuacha kumenya matooke.

Usiku ikabidi tumalizie wenyewe.
Mimi nikasema barua inapotea, mmoja anaolewa,
mwingine anazeeka na paka.
“Driciru,” akasema, “una roho ya fundi majeneza.
Wanafungua mgahawa! Wanagombana juu ya chumvi!
Wanapatana kabla wateja hawajafika!”
Nikacheka, nikavuta neti kujizuia,
neti ikaja yote, na plasta yake.

Kwa hiyo ilibaki neti moja.
Mbu walikuwa wengi, hilo naweza kuliapia popote.

“Huku mtu mzima haitwi jina tupu,” akanong’ona.
“Lazima uwe na empaako.”
Akapitia yote kwa vidole vyake, kwenye kiganja changu,
Akiiki hapana, Amooti hapana, Adyeri labda,
akasimama kwenye Abwooli.
“Kwa nini Abwooli?”
“Kwa sababu unajifanya umelala na masikio yamesimama.”
Mvua ilikuwa juu ya bati, tukalazimika kusogeleana ili tusikizane.
Halafu hatukuwa tunasema kitu
na bado tulikuwa tumesogeleana.

Asubuhi tulikunja neti
kwa adabu ya mabinti wa kwaya.
Byaruhanga akatuletea chai mbili na kijiko kimoja.
Sijui alisahau.

Siku saba si nyingi. Nilizihesabu nikidhani nimekosea.
Kituoni, dereva akipiga honi,
aliomba kitabu, akageuza jalada,
akaandika nyuma kama bango la kupimia macho:
juu herufi moja kubwa, A,
kisha mbili, kisha nne,
zinapungua, zinapungua,
nambari ya simu katikati kama bahati mbaya,
na chini kabisa mstari wa ukubwa wa sisimizi.
“Huo utaniambia,” akasema, “ukiweza kuusoma.”

Kyenjojo nilifungua dirisha nipate mwanga.
Hoima nikaazima miwani ya bibi mwenye kuku.
Karuma, maji yakinguruma chini ya daraja,
niliona b, au pengine ni w,
halafu basi likaruka shimo.

Nimewaambia dada zangu macho yananisumbua.
Wanauliza, hapa Arua hakuna daktari?
Yupo, nasema.
Lakini mimi nina wangu.