Asipoe

Kaka Lugembe kaenda Magu na kundi lake la ngoma,
kaniachia chatu wawili, noti tatu za elfu
na karatasi ya kalamu ya bluu:
Balozi kala sungura Jumanne. Asipoe.
Karani hajala, atanisubiri.
Asipoe! Kama chai.

Saa tatu na robo Bugarika ikazimika.
Kwanza friji ya dukani kwa Tungaraza ikaacha kukoroma,
kisha redio za watu,
kisha nikasikia mlima mzima ukisema “aaah”,
sauti moja, ya waliozoea.
Kule juu, Bugando peke yake inawaka kwa jenereta.
Ziwa limekuwa weusi tu unaopumua,
unatupulizia Julai katikati ya majabali.

Balbu ya boksi ilikuwa wati sitini.
Sasa ni kioo.

Sipendi nyoka, niseme mapema.
Nikiwa darasa la tatu Lugembe alinivisha mmoja shingoni
mbele ya wageni, nikajikojolea.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka;
mimi sikuumwa, nilikumbatiwa tu,
na mpaka leo mkanda ukining’inia mlangoni
napita ubavu.

Simu, asilimia nne. Nampigia.
Nyuma yake ngoma, vigelegele, hata vumbi nalisikia.
“Chemsha maji, tia kwenye chupa, zungushia kanga.
Jiko liache barazani, hewa yake itawaua.
Na wewe pia.”
(Nimekuja wa pili.)
“Akipoa, sungura ataozea tum—”

Chupa ya kwanza ikajikunja mkononi
kama mtoto mwenye msokoto.
Basi nikayaacha maji yatulie,
nikayapima kwa kiwiko, kama ya kuogeshea kichanga,
maana Lugembe aliwahi kusema
nyoka hulala juu ya kinachomuunguza
asijue mpaka ngozi imeiva.
Hilo nililikumbuka bila kutaka.
Nami nina mtu wa hivyo ninayemjua.

Kufungua boksi: hesabu mpaka kumi.
Kufungua boksi: hesabu tena.
Balozi kajikunja pembeni, uvimbe wa sungura katikati yake,
na nilipomgusa hakuwa na utelezi wowote.
Alikuwa mkavu, wa baridi,
kama bomba la maji alfajiri.
Nikamlaza chupa ubavuni, kanga juu.
Ile ya njano, ya mama.

Saa sita mlango ukagongwa.
Bi Nyamwiza, kabeba katoni kifuani,
ndani vifaranga arobaini wanalia kwa sauti ya mvua ya mbali.
“Mkaa umeniishia.”
“Unajua humu kuna nini?”
“Najua,” akasema, akivua kandambili.
“Lakini humu kuna moto.”

Tukakesha. Katoni huku, boksi kule,
sisi katikati kama mpaka wa wilaya.
Chupa mbili kwake, tatu kwangu,
zikipoa tunatoka na sufuria barazani,
yeye anapepea, mimi namimina.
Hatukuongea sana. Alinieleza bei ya chakula cha kuku.
Nilimweleza bei ya kufiwa na baba mwenye nyoka:
warithi wote wakimbia, abaki mmoja.

Mzunguko wa nne nikatia mkono bila kuhesabu.
Balozi alikuwa na joto la mtu aliyetoka usingizini.
Akasogea kidogo, akapitisha uzito wake juu ya kifundo changu,
polepole, hana haraka na mtu.
Sikuutoa mkono.
Sijui kwa nini. Pengine nilikuwa nimechoka tu.

Saa kumi na dakika tano friji ya Tungaraza ikakohoa.
Balbu ikawaka, boksi likawa chungwa.
Bi Nyamwiza akahesabu: thelathini na tisa.
Akahesabu tena. Akatazama komeo la boksi,
akanitazama mimi.
Kisha akamkuta chini ya wenzake, kalaliwa,
mwembamba kama kitambaa kilichokamuliwa.

Akamshika kiganjani muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
“Yule mdogo hajala, eti?”
“Hajala.”
“Basi mpe,” akasema,
“angali na joto.”