Gunia la Pili

Mchana napiga za pasipoti.
Shuka la buluu, stuli, feni inayokohoa.
"Kidevu juu kidogo, mama, usicheke,
serikali haitaki meno."
Hizo si zangu. Ni za fomu, za benki,
za msiba mara nyingine: ndugu wanamleta marehemu ndani ya simu,
nimkuze, nimfute
mtu aliyemshika bega.

Zangu nazipiga kabla ya saa kumi na mbili,
soko la mahindi la Kibaigwa likiwa bado linapiga miayo.
Kandambili ya mguu mmoja kwenye pumba.
Kuku anayejua gunia lipi limetoboka.

Mwaka juzi nilimpiga Chilongani.
Alikuwa anashuka ubao wa lori, lumbesa shingoni,
jua la kwanza likamkata nusu,
vumbi likasimama kumzunguka
kama limeitwa kwa jina.
Sikupanga. Kidole kilitangulia akili.
Nikairusha mtandaoni.

Usiku ule sikulala.
Mioyo themanini, mia na mbili, mia na kumi na tisa.
Mtu wa Mwanza kaandika "moto".
Mtu nisiyemjua kaniita msanii.
Wali ukaungua, nikaula hivyo hivyo,
macho kwenye kioo cha simu.

Kesho yake nikaenda kuitafuta picha ileile.
Jua lilikuwepo, vumbi lilikuwepo,
Chilongani akapita, nami nikachelewa.
"Rudia," nikamwambia.
Akapanda ubao, akashuka.
"Tena. Uso huku kidogo."
Akapanda tena, kilo mia na ushee shingoni,
bila neno,
kama mtu aliyezoea kuambiwa.
Ndipo nikaona, ndani ya kamera, si nje,
mshipa wa shingo mnene kama kamba ya mbuzi
na goti linalotetemeka.

Kazi ile hulipwa kwa gunia.
Kwangu alibeba mawili ya bure.

Nilimnunulia chai na chapati mbili.
Akanishukuru.
Hapo ndipo paliponiuma.

Picha ya siku ile ninayo. Ni nzuri, nzuri kuliko ya kwanza,
na hakuna aliyeiona.
Ipo kwenye mkebe wa majani ya chai
pamoja na kadi nyingine, kila moja na kipande cha plasta:
*Masika. Kiangazi. Mama akichambua choroko.*
Ndahani, mtoto wa kaka yangu, huutikisa mkebe kama kayamba:
"Shangazi, zote hizi unamwekea nani?"
Nimejaribu kujibu mara nyingi.
Mara moja nilisema, "Macho yangu."
Akacheka. Nikacheka pia, maana lilikuwa jibu la kupendeza,
na majibu ya kupendeza siku hizi nayaogopa.

Leo upepo wa Agosti umevuma tangu usiku.
Nimeikuta mizani peke yake, haina mzigo,
mshale umegoma kurudi sifuri,
umesimama kwenye nusu kilo
ukipima vumbi.
Nimepiga moja. Mkono ulitikisika, imetoka na ukungu.
Nimeiacha hivyo.

Chilongani akapita na gunia lake,
jua likamkata palepale.
Kamera ilikuwa kifuani, ya moto kidogo.
"Mbukwa," nikamwambia,
nikasogea kumpisha njia.