Fumua

Hamilton, Januari. Theluji imefika dirishani
na kofia ya nyaya haitaki kukaa.
"Nywele," anasema Dokta Kowalchuk kwa aibu.
"Visahani havigusi ngozi."
Kofia ilishonwa kwa vichwa vingine.

Basi nikapewa tepu, nikapewa ramani:
sentimita tatu kutoka hapa, sita kutoka pale,
pabaki ngozi tupu.
Mimi nimsuke Somoe!
Somoe aliyesuka Mtaa wa Barton miaka kumi na tisa,
maharusi, wauguzi wa zamu ya usiku,
binti wa mchungaji aliyetaka twende kilioni
akalia kweli,
mpaka asubuhi ile ya kiharusi:
kitana mkononi, mteja kitini,
kichwa nusu.

Sasa ni macho tu. Macho, na mistari kwenye skrini
inayotetemeka kama mtu anajaribu kalamu.
"Fikiria unakunja ngumi," wanamwambia.
Mistari imelala.
Siku tatu za ngumi, siku tatu mistari imelala.
Ngumi ya nini? Somoe hajapigana na mtu.
Nikamwinamia sikioni: Dada, gawa tatu.
Ya kulia juu ya ya kati.
Ya kushoto juu ya ya kati.
Kaza.

Mashine ikashtuka.
Dokta akaitua kahawa yake bila kuangalia anapoiweka.

Wiki ya pili wakampa herufi.
Zinapita moja moja; yake ikifika, anasuka.
Chumba kimejaa, hata mfagizi kasimama mlangoni.
Wanangoja shukrani, au jina la Mungu,
au la mwanawe aliyeko Calgary.

F.
Dakika nne. U.
Mashine, kwa kiherehere chake, inamtupia
maneno mazima ya Kiingereza: chagua, chagua.
Hachagui. Anaiacha ichoke.
M.
U.
Hapo nimeshajua. Nimejiziba uso kwa viganja.
A.

"Maana yake nini?" anauliza Dokta, macho yamemlowa.
Ni neno la kazi, namwambia.
Zile njia nilizomchora zimepinda,
na yeye anazihisi, moja baada ya moja,
siku kumi na mbili
hana mdomo wa kunisuta.

Wanapiga makofi hata hivyo.
Somoe hawatazami. Ananitazama mimi,
kisha mkoba wangu,
kilipo kitana.