Lile la Mapulizo

Shemeji Ndelilio kaja asubuhi na bomba mgongoni,
dawa imeshakorogwa, buti limeshalowa.
"Leo nausafisha huu ukingo wa mfongo," kasema,
"hata mbuzi hali hilo gugu."

Ni kweli, mbuzi hali.
Ukilivunja latoa maziwa meupe, mazito,
yakiingia jichoni utalia mpaka Jumapili.
Halina jina hapa Uru. Mama mkwe aliliita
"lile la mapulizo," kwa matunda yake ya kijani
yenye nywele, yaliyojaa upepo mtupu,
ambayo watoto huyapasua kwa kisigino wakitoka shule.

Nikamwambia: subiri, nikuoneshe kitu.

Tukachuchumaa, bomba likimvujia mgongoni.
Nyigu akatua, mguu ukanasa kwenye ufa wa ua,
akauvuta, akauvuta, ukatoka
umebeba vifuko viwili vya chavua, vya njano,
kama mgeni aliyeondoka na funguo za mwenyeji.
Akaruka navyo hadi ua la pili.

Chini ya jani, kiwavi. Milia myeusi, myeupe, ya manjano.
Anakula sumu bila haraka.
Ukimpa mchicha atakufa akiutazama.
Wiki ijayo atajining'iniza kichwa chini,
kisha atoke kipepeo rangi ya kutu ya mabati yetu,
ambaye shore humtema mara moja tu, hamrudii.

"Kwa hiyo?" kasema Ndelilio.

Kwa hiyo maboga, shemeji.
Mwaka jana ulipulizia hapa hadi mgomba wa mwisho.
Maua ya maboga yalifunguka, yakangoja,
yakafunga mdomo saa nne, yakaanguka.
Nilivuna majani. Tulikula majani hadi Krismasi.
Nyuki hawaji kwa ajili ya boga moja;
huja kwa anayefungua duka kila siku,
hata maharage yakiwa bado mbegu debeni,
na wakishafika, hupitia na kwetu.

Hakujibu. Alitazama juu; Kibo kilikuwa kimejifunika.
Akapulizia upande wa barabara, huku akauacha,
akasema ni kwa sababu dawa imeisha.

Jioni pulizo moja lilipasuka lenyewe.
Mbegu zikatoka na mvi zao,
zikavuka mfongo, zikavuka uzio wa masale,
zikatua shambani kwa Ndelilio.