Nepi ya Saa Kumi Alfajiri

Valdivia, mvua haijakatika tangu Jumanne.
Nimekuja na kichupa na kijiko cha plastiki
kuomba kilichomo ndani ya nepi.
Millaray ananitazama: "Hata hicho mnakitaka?"

Hata hicho, mama.
Chembe nyeusi, si kubwa kuliko punje ya ulezi.
Mwanao alizaliwa na wiki ishirini na sita,
gramu mia nane na kumi,
na mashine inamvutia pumzi, inamtolea,
inamvutia, inamtolea,
kama mtu anayefundisha neno moja tu.

Sisi tunasikiliza mapafu kupitia tumboni.
Utumbo wake ulikuwa nyumba isiyo na mpangaji;
bakteria wakabisha hodi,
wengine wa maziwa yako, wengine wa hospitali,
kisha dawa ikawafagia wote, wema na wabaya,
hatujawajua hata majina.
Nani atakayerudi kwanza? Atapika nini humo?
Moshi wa jiko lile, nahisi, hufika kifuani.
Nahisi tu. Bado sijui.

Anakamua. Matone matatu kwenye bomba la sindano.
Anauliza kama yanatosha.

Naandika kwenye kichupa: mtoto 31, siku ya tisa.
Yeye ananisahihisha kwa kidole, dirishani,
palipo na ukungu wa pumzi zetu:
Nawel.

Nafuta namba, kisha nairudisha,
maana friji haijui kusoma majina.
Jina nalitia mfukoni, pamoja na kalamu,
na kushuka mbio, ngazi mbili mbili,
kabla barafu haijayeyuka.