Kabla ya Mizani

Mtu wa vyuma chakavu ameegesha baiskeli nje,
mizani yake ya ndoano inaning'inia kwenye pao la baraza.
Kilo shilingi mia nane, kasema. Nyundo, patasi, bei moja.
Nimemwambia angoje nimalize chai.

Sina chai.

Nimepindua sanduku la mjomba Chitanda juu ya jamvi.
Kwetu Nachingwea mpwa ndiye mrithi,
na kaka zangu walichagua mapema:
redio, cherehani, mikorosho ya bondeni.
Mimi nimeachiwa kutu.

Haya. Kutu nayo ina tabia zake.
Hii nyekundu ya unga inatoka kwa majivu na nusu limau.
Hii nyeusi, iliyochimba vishimo kama ndui,
imeshakula chuma; unachoshika ni gamba.

Msumeno naukunja mpaka ncha ikaribie mpini.
Ukirudi ukanyooka, mzima.
Umerudi.
Wa pili umebaki umepinda kama mtu aliyesusa chakula.

Randa naigeuza, naegesha rula ya mtoto tumboni mwake,
nainyanyua dirishani, jicho moja nimefumba.
Mwanga haupenyi hata wa uzi.

Patasi tatu nazining'iniza, nazigonga kwa kijiko.
Mbili zinalia ngiii, mpaka yule wa nje anageuza shingo.
Ya tatu inasema tak,
sufuria lenye ufa.

Tezo ndiyo iliyonikalisha chini.
Haina chapa. Unene wake wa springi ya lori,
na mhunzi ameacha mikwaruzo mitatu shingoni.
Makali yamelika upande mmoja tu.
Naishika, mpini unanikataa.
Nahamishia mkono wa kushoto,
kidole gumba kinatumbukia kwenye kibonde
kilicholainishwa na kidole kingine, miaka mingi.

Mjomba hakuwa shoto.

Mama alikuwa shoto.
Mama, Somoe, aliyeuza vitumbua,
aliyerudi kutoka kwa kaka yake na vumbi la mbao nyusini
akatuambia amefagia karakana.
Na vile vinu vya mkongo, vilivyosifiwa mnadani mpaka Ruponda,
"kazi ya Chitanda hiyo,"
vyote ukivitazama ndani
vimechongwa kuelekea kulia.

"Dada, chai gani hiyo?"

Nampelekea msumeno uliosusa na patasi bubu.
Robo tatu. Mia sita, hana chenji.
"Na hiyo mkononi?"

Nampita, nakwenda ukutani kwa jirani
kuulizia jiwe la kunolea.